Barua za Mpangaji wa Chumba Namba Saba

Felista alipokufa mwaka huu nilikwenda kumzika. Wale tulioishi nao Guangzhou waliponiona naingia uani na kanga yangu ya msiba walitazamana, na mmoja akaninong'oneza, "Hata wewe, Mama Seku?" Nikamwambia hata mimi. Msiba haususwi. Nilikaa mkekani siku tatu, nikamenya vitunguu vyao, nikala ubwabwa wao, na sikumsamehe. Siku ya kumaliza matanga, walipokuwa wanagawa nguo za marehemu, mkwewe alituita pembeni sisi "akina mama wa China", maana ndivyo tunavyoitwa mpaka leo, akampa kila mmoja kitu. Mimi nilipewa mkoba. Mkoba mweusi wa Shiling, kule kwenye viwanda vya mikoba China, bado umo ndani ya nailoni yake, haujawahi kubebwa na mtu miaka yote hiyo. "Mama alikuwa anasema huu hauuzwi," yule mkwe akaniambia. Niliuminya ubavuni nikasikia karatasi zinalia ndani, maana mkoba mpya hujazwa karatasi tumboni ili usilale. Nikafungua zipu kidogo, nikachungulia, nikaifunga haraka kama mtu aliyeona nyoka kwenye kabati la vyombo. Nikaaga, nikapanda basi, nikaupakata mpaka nyumbani. Karatasi zile nilizijua.

Mimi ni mtu wa darasa la nne. Habari za ukoo wangu na nani alimwoa nani sitaziandika, hazina faida kwa mtu. Nitaandika mwaka mmoja tu, tisini na nane, kwa sababu watu wanamsifu mwanangu Sekunda, anayefundisha darasa la tatu pale Morogoro, na wazazi wanagombania watoto wao waingie kwake, na kila mtu anadhani alianzia shule ya maana. Alianzia chumbani kwangu, ghorofa ya nne, kichochoro cha nyuma ya Xiaobei, mtaa wa wageni pale Guangzhou, na mwalimu wake nilikuwa mimi. Nalisema hili kwa majivuno na sitaomba radhi. Wapo waliofanya kila njia lisitokee, na hao nitawataja.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la gesi la plate mbili, na dirisha lililotazama ukuta wa nyumba ya pili, karibu hivi kwamba bibi wa Kichina wa upande ule alikuwa akitupitishia majani ya kitunguu kwa mkono bila kuegemea. Saa sita mchana tuliwasha taa. Sekunda alikuwa na miaka tisa. Shule za pale hazikumpokea kwa sababu ya karatasi zetu, na ile ya watoto wa wageni tuliijua kwa kuchungulia uzio. Kwa hiyo nilichukua maboksi ya mzigo, nikayapasua, nikayabandika ukutani kwa gundi ya kufungia mizigo, hilo ndilo likawa ubao. Hesabu alijifunza kwa suruali za jinzi: ishirini na nane, thelathini, thelathini na mbili, thelathini na nne. Mwanangu alijua kuhesabu mbili mbili kabla hajajua kuhesabu moja moja vizuri. Kusoma ndiko kulikotushinda. Nilikuwa na kitabu kimoja cha kuanzia, cha picha, kina kuku na kibuyu. Sekunda akasoma ukurasa wa kwanza, akanitazama. "Mama, huyu kuku baadaye anafanya nini?" Nikamwambia hafanyi kitu, ni kuku. "Basi kwa nini nimsome?" Nilimpiga kofi dogo la mkono, naye akasoma huku analia, na siku ya pili akawa amesahau yote. Miezi mitatu ilipita hivyo.

Na nikiri la kwangu kabla sijawafikia wengine. Mimi mwenyewe nilikuwa nasoma maandishi ya chapa tu, kidole chini ya neno, polepole. Mwandiko wa mkono, ule wa kuunganisha, ulikuwa unanishinda kabisa. Niliuona kama uzi ulioshikwa na paka. Shuleni walipofika huko mimi nilishatoka. Hakuna aliyelijua hilo Guangzhou, au mimi nilidhani hakuna. Kuna jingine: siku za kwenda viwanda vya Xintang kutazama jinzi nilikuwa namfungia mtoto kwa kufuli kutoka nje. Nilikuwa sina wa kumwachia. Alikuwa akilia ninapoizungusha funguo, na kilio hicho nilishuka nacho ngazi zote nne.

Aliyetuokoa ni Salum, kijana wa Tanga aliyekuwa anasomea udaktari kwa msaada wa serikali. Jumamosi alikuwa anakuja kula ugali kwetu, maana chakula cha chuoni kilimchosha. Siku moja alimkuta Sekunda ananuna mbele ya kitabu cha kuku, akacheka, na Jumamosi iliyofuata akaja na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na vijitabu kumi na kimoja, vyembamba, majalada yamechanika, vile vya kuuzwa stendi. Kaka yake alimwekea vitabu hivyo kwenye sanduku la safari ili Kiswahili kisimtoke. Nikavitazama: mifupa, paka mwenye macho mekundu, mwanamke asiye na uso. Nikasema, "Salum, mwanangu, haya mambo ya mizuka. Mimi ni Mkristo."

"Na mzuka naye Mkristo, Mama Seku," akasema, mdomo umejaa mchicha wa Kichina. "Huyu wa humu anaitwa Veronika."

"Mtoto ataogopa."

"Aogope, ndiyo. Nani alikwambia mtu hufungua ukurasa wa pili kwa sababu ameshiba? Muache. Akikushinda, ntavichukua mwenyewe."

Kile cha Veronika kiliitwa *Mpangaji wa Chumba Namba Saba*. Habari yake ni ya mwanamke anayefia kwenye chumba cha kupanga. Mwenye nyumba anamzika kimya kimya ili asikose mpangaji mwingine, anapaka rangi, anapangisha. Basi kila asubuhi mwenye nyumba anakuta barua chini ya mlango wake. Na mtungaji, sijui alikuwa na akili gani, barua zile hakuzipiga chapa kama maandishi mengine. Zilichorwa kwa mwandiko wa mkono, wa kuunganisha, wenye mikia, kana kwamba mzuka mwenyewe ameshika kalamu. Tulipofika kwenye barua ya kwanza kidole changu kilisimama. Nikamwambia Sekunda, "Hapa ruka, hapa si muhimu, endelea chini." Akanishika mkono. "Mama, hapa ndipo penyewe. Hapa ndipo anaposema." Nikamwambia ruka. Hakuruka. Aliinama juu ya barua ile mchana kutwa, anaifananisha herufi moja moja na zile za chapa, anatoa ulimi nje kama fundi cherehani, na mimi nilikuwa nakaanga samaki wakavu najifanya sisikii. Jioni mafuta yalipoanza kupoa akapiga kelele: "'Nimekuachia sufuria yangu'! Mama! Amesema 'Nimekuachia sufuria yangu'!" Na akatetemeka mwili mzima, na akacheka, na akarudi kusoma tena.

Tangu siku ile sikumlazimisha. Alisoma anakula, alisoma anasukwa. Siku ya Xintang nilipochukua kufuli nikasubiri kile kilio, naye hata hakuinua uso. "Nenda tu mama, niko na Veronika." Nilisimama ngazini nikafikiri sana. Wazazi wa leo wananijia kwa kuwa wanajua mimi ni mama wa Mwalimu Sekunda, wananiuliza je, si vibaya mtoto kusoma vya kutisha, si ataota, si ataingiwa na pepo? Ninawajibu kwa nilichokiona. Mwanangu alikuwa na hofu kabla ya kitabu. Alikuwa na hofu ya kufuli, ya hatua za watu asiowajua kwenye korido, ya mimi kutorudi. Hofu ile haikuwa na jina wala kurasa. Ya Veronika ilikuwa na mwanzo na mwisho, ukizidiwa unaifunga, unaiweka chini ya godoro, unaikalia. Alijifunza kuogopa akiwa amekaa. Siwaambii wampe mtoto kila uchafu. Nawaambia msome mchana, mzazi akae karibu asikie, na kitabu kikianzwa kimalizwe. Kitabu cha kutisha kilichokatwa katikati ndicho kibaya, na hilo pia nimeliona, kama nitakavyosema.

Sasa Felista. Haki yake nitampa kwanza. Yeye ndiye aliyenionyesha Guangzhou. Alinishika mkono sokoni nilipokuwa siwezi kusema hata "ghali". Alikuwa anapanga vyumba viwili ghorofa ya chini yangu, tukishirikiana kontena, na ibada ya Jumapili ya sisi wafanyabiashara ilikuwa sebuleni kwake. Aliyeiongoza ni Zebedayo, mtu wa kununua redio na pasi, Jumapili anavaa tai anakuwa mchungaji. Felista aliporudi kutoka nyumbani safari moja aliniletea barua kutoka kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa baba yake Seku, anayekaa kijijini kusiko na simu. Bahasha imefungwa vizuri. Nikaifungua mbele yake, nikauona ule uzi wa paka, nikajifanya natafuta mwanga. Akaniacha nitafute. Kisha akasema kwa upole, "Lete nikusomee, dada, macho yako yamechoka."

Akanisomea. Alisoma kwamba ukoo umekaa kikao, umesikia mtoto wao hasomi, amekaa kama kuku wa kufugwa. Kwamba ikifika Krismasi hajui kusoma, Felista arudi naye, wao watajua pa kumweka. Nilikaa chini kwenye viroba vya mzigo. Nilimlilia Felista, nikamlilia na Zebedayo, na Zebedayo akatoa hukumu kama Suleimani: Jumapili ya kwanza ya Desemba mtoto asimame asome mbele ya ndugu wote. Akisoma, ataandika yeye kwa ukoo kwamba abaki. Akishindwa, asafiri na Felista. Felista akakubali haraka. Alikuwa amemwona Sekunda na kile kitabu cha kuku. Ya Veronika hakuyajua. Na kuna siku nilishuka kuomba chumvi, nikasikia nyuma ya ubao uliogawa chumba anamwambia Zebedayo, "Mimi nyumbani nimeshawaambia, binti anakuja, wasitafute mwingine." Nikadhani "nyumbani" ni kwa shemeji. Nikarudi juu bila chumvi.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe Felista alipanda kwangu bila hodi, akamkuta Seku kitandani na yule mwanamke asiye na uso kwenye jalada. Hakusema kitu kwangu. Alisema kwa Zebedayo, na Zebedayo Jumapili ile akahubiri juu ya mama anayelisha mtoto nge badala ya yai, akiniangalia mimi, huku watu wanaitikia amina. Jumatatu nilikwenda Xintang. Felista alikuwa na funguo yangu ya akiba, niliyompa mimi mwenyewe ili mtoto asiungue moto ukitokea. Akaingia, akavitoa vitabu vyote kumi na kimoja, kumi chini ya godoro, kimoja mikononi mwa mtoto. Nimerudi, nimemkuta Sekunda amekaa uso kwa ukuta. "Bado barua moja," akasema. "Mama, bado barua moja tu ya mwisho."

Nilishuka. Felista akanijibu amevichoma kwa jina la Bwana. Nikarudi juu, maana mkutano mzima ulishaitikia amina. Lakini Alhamisi ilikuwa zamu yetu ya kufunga mzigo, na mikoba ya Felista ilikuwa imefika kutoka Shiling mitupu, imelala kama samaki. Laoban, yaani bosi wa kiwanda, alipoulizwa karatasi za kujazia alipunga mkono: "Meiyo." Hakuna. Nikamkuta Felista sakafuni anajaza mikoba, anakunja, anashindilia, na mkoba mmoja ulikuwa mdomo wazi, na ndani yake namwona yule paka mwenye macho mekundu. Nikamwambia, "Ulisema umechoma."

"Nilikusudia kuchoma."

"Felista. Si ulisema kwa jina la Bwana?"

"Karatasi zilikuwa zimeisha, Mama Seku, usinianze na mzigo unaondoka. Ondoa mkono, hiyo mikoba yangu!"

Kwa hiyo dhambi ile ikakunjwa, ikashindiliwa ndani ya mikoba, ikafungiwa nailoni, ikaenda kuuzwa Kariakoo. Nilicheka siku hiyo, kicheko kibaya. Mpaka leo nawafikiria wale wanawake wa Dar walionunua mkoba wakakuta nusu ya mzuka ndani.

Sekunda hakulala kitandani na mimi siku zile, alijikunja miguuni. Hofu iliyokosa mwisho ilimkaa. Kila karatasi ikipita chini ya mlango, tangazo la gesi tu, anaruka. Nikamwambia kwa hasira ya kukosa la kufanya, "Hiyo barua ya mwisho si uandike mwenyewe!" Nilisema kama mtu anavyosema kafie mbele. Yeye akalichukua kama kazi ya shule. Akachana karatasi ya kaki ya mzigo, akaandika barua ya Veronika kwa mwandiko uleule wa mikia, akaiweka chini ya kikombe changu cha chai. Nikaitazama. Nikasema, "Nzuri."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Veronika amesema nini?"

Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto nikainywa hivyohivyo. Mwanangu alinitazama kwa muda, na nikaona kwenye uso wake siri yangu inapita, kama mtu anavyoona taa inapita nyuma ya pazia. Mtoto mwingine angecheka. Yeye akaja akakaa pembeni yangu, akaichukua ile karatasi, akasema, "Ngoja nikusomee, mama. Mwandiko wangu mbaya." Kuna wanawake waliopewa dhahabu na watoto wao, wakajengewa nyumba za bati la rangi. Mimi nilipewa uongo ule mmoja, na sibadilishani na mtu.

Jumapili ya Desemba sebule ya Felista ilijaa. Chai ya maziwa ya unga, maandazi, viti vya plastiki, Mama Kui Mkenya wa viatu amekaa karibu na mlango. Zebedayo akafungua Maandiko akamwonyesha Seku mahali. Akasoma, bila kukwama. Watu wakaanza kutabasamu. Felista akaweka kikombe chini. "Amekaririshwa. Hapo ndipo tunaposoma kila Jumapili, hata mimi nimefumba macho nasema." Wengine wakatikisa vichwa, ni kweli. Zebedayo akasema, basi apewe kitu asichowahi kukiona. Hapo ndugu wote wakaanza kupekua mifuko. Nani Guangzhou ana karatasi ya Kiswahili mfukoni? Kulikuwa na risiti za Kichina, kadi za viwanda, kitabu cha nyimbo ambacho nacho Felista alikikataa. Mkono wangu ukaingia kwenye pochi. Siandiki kwamba nilikuwa mjanja. Barua ya shemeji nilikuwa nimeificha pale Seku asije akaijua habari yake, na katika chumba kile ndiyo ilikuwa karatasi pekee ya lugha yetu. Nikaitoa.

Felista akasimama. "Hiyo ni barua ya wakubwa. Mtoto hasomi barua za wakubwa."

Sauti yake ndiyo iliyonishtua. Mtu anayetaka mtoto ashindwe, mbona anamnyima mwandiko mgumu? Nikasema, "Asome."

"Mama Seku, unamwaibisha mwanao."

"Mwanangu. Asome."

Sekunda akaikunjua. Akaona mikia ile, na Mungu ni shahidi, akatabasamu, kama amekutana na mtu wao. Akasoma kwa sauti ya Veronika, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine ya kusomea barua: chini, polepole, akisimama pale mtu anapotaka kukimbia. Tukasikia hata maji yanayochemka jikoni. "Shemeji yangu. Salamu nyingi. Tumesikia Sekunda hajapata shule. Sisi hatuna neno, mtoto ni wako na uko naye, mfundishe utakavyoweza. Huyu mama aliyebeba barua amefika hapa kwetu akituomba mtoto akakae kwake Dar es Salaam, amsaidie kazi za nyumba na kumlelea mjukuu. Tumemjibu mtoto si wetu kumtoa, akakuulize wewe mwenyewe. Tunakutumia kwa mkono wake vitabu vinne vya darasa la tatu. Mwambie Sekunda baba yake mkubwa anamsalimu."

Alipomaliza akaikunja kwenye mikunjo yake. Nikauliza, "Vitabu viko wapi, Felista?"

Akatazama maandazi. "Mzigo ulizidi uzito," akasema. "Niliviacha uwanja wa ndege."

Na Zebedayo, aliyehubiri nge na yai, aliyekuwa hakimu wa mwanangu, hakumgeukia yule mwanamke kwa neno hata moja. Namtaja, Zebedayo, kama bado yuko hai asome. Alifumba macho akasema, "Ndugu, tuombe."

Ni Mama Kui aliyejibu kutoka mlangoni. "Zii, pasta. Tuombe nini sasa? Mtoto amesoma."

Tulipanda ngazi, mimi na mwanangu. Kwenye kona ya ngazi akaniuliza, "Mama, nilisoma vizuri?" Nikamwambia alisoma vizuri. "Niliogopa nilipofika kwenye jina langu. Lakini sikuruka." Salum tulipomsimulia Jumamosi alicheka mpaka ugali ukampalia, akasema Veronika anastahili kuongezewa mshahara.

Felista alisafiri peke yake. Kontena tuligawana, na funguo yangu nilimnyang'anya. Mimi nilimfundisha Seku miaka miwili mingine pale pale, na yeye akanifundisha mwandiko wa kuunganisha kwenye ubao wa maboksi, herufi moja kila siku, akinipiga kofi dogo la mkono nikikosea mkia. Nililistahili.

Sasa nimefika nyumbani na mkoba wa marehemu. Niliuweka mezani, nikavaa miwani, nikatoa karatasi moja moja na kuzinyoosha kwa kiganja. Paka wa macho mekundu alikuwepo. Mifupa ilikuwepo. Kwa nini Felista aliuzuia mkoba huu usiuzwe sijui, na sitamtungia toba ambayo sikuisikia mdomoni mwake. Mwisho kabisa, kwenye kona ya chini, palikuwa na ukurasa uliokunjwa mara nne, chapa juu, na chini mwandiko wenye mikia. Nikampigia simu Morogoro. Kulikuwa na kelele za watoto nyuma yake.

"Seku, nimeipata barua ya mwisho ya Veronika."

Nikasikia anafunga mlango wa darasa, kelele zikakatika. Mwalimu mzima, mwenye mvi mbili ambazo nimeziona kabla yake.

"Ndefu?"

"Ukurasa mzima."

"Nisomee, mama. Na usiruke."

Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza.